Swali la Chakula Mlangoni mwa Chumba cha Upasuaji

Wadogo zangu wa kitengo cha usingizi, siku mliponiaga mlinipa shuka, beseni na maneno matamu, kisha Anitha akaniomba niandike japo kidogo kuhusu kazi tuliyoifanya. Nimekaa hapa nyumbani Unyambwa, kuku wananizunguka, nikaona niandike kabla majina hayajaanza kunipotea. Vyeo sitavigusa. Vilikuwa vichache, na hakuna hata kimoja kilichowahi kumwamsha mgonjwa. Mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika zaidi juu ya wasiwasi, maana huo ndio niliokuwa nao siku zote. Kazi yetu ni kuwalaza watu, lakini mimi mwenyewe sikuwahi kulala vizuri usiku wa kuamkia upasuaji.

Nilianzia hospitali ndogo upande wa Iramba, mbali kidogo na Kiomboi nilikozaliwa. Jina lake naliacha, kama nitakavyoyaacha ya nyingine zote. Nilikuwa nimetoka kusomea usingizi, nina cheti kipya na kiburi kipya. Asubuhi ya kwanza nilivaa kofia na barakoa nikaingia moja kwa moja chumba cha upasuaji. Mtu wa usingizi pale alikuwa Mzee Ntandu, mwembamba, mpole, miwani yake imefungwa kwa plasta ya hospitali. Alinitazama juu mpaka chini.

“Mgonjwa wako umemwonaje?” akaniuliza.

“Bado hajaletwa, mzee.”

“Sijakuuliza kama ameletwa. Nimekuuliza umemwonaje.”

Akaninyooshea mlango. “Basi leo hulazi mtu, mwanangu. Nenda wodini ukakae na wa kesho. Usingizi unaanzia kitandani kwake.”

Nilikwenda nimenuna. Baadaye akanifuata, akakaa ukingoni mwa kitanda cha mama mmoja aliyekuwa apasuliwe uvimbe tumboni. Nilitegemea atoe kipimo cha presha. Wapi! Alimuuliza habari za mvua, akauliza alizeti imeshikaje, akamtania kwamba ng’ombe wake wana afya kuliko yeye. Yule mama akacheka sana. Tulipotoka akaniambia, “Umeona jino la mbele la chini linacheza? Na mdomo unafunguka vizuri.” Kumbe utani wote ule ulikuwa wa kuangalia mdomo. Kisha alikuwa na kawaida ya kumwomba mgonjwa amsindikize mpaka mlangoni mwa wodi. Mimi nilidhani ni adabu za kizee, kumbe alikuwa anasikiliza pumzi: mtu anayeshindwa kumsindikiza mgeni mpaka mlangoni bila kuhema, moyo wake una jambo.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuhesabika mkononi, na kila kimoja kilikuwa na ugonjwa wake. Mashine ya kufyonza ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, na Mzee Ntandu aliikanyaga kila asubuhi kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Taa ya kuangalizia koo ilikuwa na kibalbu kinachopenda kuzimika wakati unakihitaji, kwa hiyo cha akiba kilikaa mfuko wake wa shati hata siku ya kanisani. Mashine za kupiga kelele mnazozijua nyie hatukuwa nazo. Tulibandika kipimo cha kusikilizia moyo kifuani kwa mgonjwa, mrija wake tukauweka sikioni, tukakaa hivyo mpaka mwisho. Mpaka leo sikio langu la kushoto likiwa kimya sana naona kama kuna mtu amekufa.

Maswali alinifundisha polepole. Usimuulize mtu kama anatumia dawa za kienyeji, maana atakwambia hapana, anaogopa utamfokea. Muulize alianza na dawa ipi kabla ya kuja hospitali, kama jambo ambalo kila mtu hufanya, na atakutajia mizizi yote. Ukiona hirizi, usikate. Izungushie plasta, mwambie imelindwa, na moyo wake utatulia kuliko kwa sindano yoyote. Rangi ya kucha itoke, maana kucha ndiyo itakayokwambia damu ina hewa au haina. Meno ya bandia yaombwe kwa heshima, kwa sauti ya chini, wala si mbele ya wajukuu.

Na zaidi ya yote, alinionya kuhusu msemaji. Kwetu mgonjwa haji hospitali peke yake, anakuja na mtu wa kumsemea. Unamuuliza mgonjwa, anajibu mwingine. Nimewahi kumuuliza mama mmoja maumivu yake yakoje, mume wake akanieleza maumivu hayo vizuri kabisa, mpaka akakunja na uso. Mzee Ntandu hakuwa akigombana nao. Alikuwa anawatuma. “Baba, tusaidie kuleta shuka lingine.” “Mjomba, hebu waone wa maabara.” Msemaji akishatoka, ndipo anasogea karibu na kuanza kuuliza upya, kana kwamba hajajibiwa kitu.

Swali la chakula alilipenda kuliko yote, kwa sababu lilishawahi kumtia baridi. Siku moja, nikiwa bado mgeni kazini, alikuja kijana wa ngiri, mwenye nguvu, mcheshi. Tulimuuliza kama amekula, akasema hapana. Mama yake naye akasema hapana. Dawa ilipoingia tu, kijana akaanza kutapika viazi vitamu. Nyie mnajua, lakini naandika kwa ajili ya yeyote atakayesoma: mtu aliyelala kwa dawa koo lake halizuii kitu. Kilichomo tumboni kikipanda kinashukia mapafuni, na hapo anaweza kufa mikononi mwako kwa upasuaji mdogo kabisa. Mzee Ntandu alimgeuza ubavu, akaniambia nikanyage. Nilikanyaga ile mashine mpaka mguu ukafa ganzi, huku nalia wazi wazi. Kijana alipona, ila alikaa wodini muda mrefu anakohoa. Mama yake alituambia alimpa viazi kwa huruma, mtu asiende kupasuliwa akiwa na njaa. Tangu siku hiyo sikuuliza tena “umekula?” Nauliza “mara ya mwisho ulikula nini?” Mtu akitaja ugali na mlenda, nauliza alikula na nani.

Miaka ikaenda. Mzee Ntandu akastaafu, nikaolewa na Mnyaturu, nikahamia Singida Mjini, nikajifunza Kinyaturu cha kutosha kuelewa ninaposengenywa. Mashine zikaja, na skrini, na kidude cha kubana kidoleni kinachosoma hewa kwenye damu. Wenzangu walifurahi, nami nilifurahi, lakini wasiwasi wangu haukupungua hata chembe. Skrini inakwambia mengi, ila haikuambii mtu amekula nini alfajiri.

Sasa nije kwa Bi Hadija, maana ndiye aliyenifanya nikubali kuandika.

Ilikuwa ile kambi ya madaktari bingwa waliokuja kutusaidia muda mfupi kabla sijastaafu. Mnaikumbuka. Watu walifurika kutoka Ikungi, Mkalama, kila upande, na wodi zikajaa mpaka waliokuwa na ndugu mjini tukawaambia wakalale kwa ndugu, waje asubuhi ya siku yao. Bi Hadija alikuwa mmoja wa hao. Alitoka kijijini Ikungi na uvimbe wa shingo uliokuwa umemkaa kwa miaka, sasa umefikia hatua ya kulibana koo. Akilala chali anakosa hewa, kwa hiyo alikuwa analala ameketi. Alifikia nyumbani kwa binti yake Rehema, akakaa huko wiki mbili hivi akisubiri kambi. Binti alikuwa ametoka kujifungua, hawezi kutoka, basi aliyemleta hospitali kwa kila jambo ni mume wa binti, kijana mmoja anaitwa Idd, muuza vipuri vya pikipiki.

Anitha alimpokea siku moja kabla, akampima kila kitu, akamweleza Idd kwamba mama asile tangu usiku. Anitha, usijikunje ukisoma hapa. Ulifanya kama tulivyokuwa tukifanya wote, na foleni ilikuwa imefika getini.

Asubuhi ya upasuaji nilimkuta ameketi kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji, na gauni la kijani, khanga imefunika shingo. Alikuwa amenizidi umri kidogo, amekonda, mashavu yameingia. Idd alikuwa amesimama mwisho kabisa wa ukumbi, ubavu ubavu, anatazama ukutani. Nilidhani ana haraka ya kwenda dukani.

“Shikamoo, mama,” nikasema.

“Marahaba.” Sauti ilitoka kwa shida, imebanwa.

“Mara ya mwisho ulikula nini?”

Bi Hadija akatazama miguu yake. Idd akajibu kutoka kule alikokuwa, bila kugeuka.

“Shikamoo, sista. Hajala, wala usiwe na wasiwasi. Tangu amefika kwangu sijawahi kumwona akila.”

Alilisema kwa nia njema, ili nitulie. Mimi nikaanza kuhesabu siku. Mtu amekaa nyumba moja na mama huyu wiki mbili, na hajamwona akila hata mara moja. Ama mama anakufa njaa, ama anakula mahali ambapo Idd haoni. Ndipo nikamtazama vizuri pale alipojibanza, nikamtazama na Bi Hadija aliyevuta khanga mpaka usoni, nikaelewa. Mama mkwe huyu hali mbele ya mkwe wake. Wala mkwe hazungumzi naye habari za chakula. Siku hizi wengi wameiacha heshima hiyo. Wakwe zangu mimi wanakaa meza moja nami, tena wananimalizia kachumbari. Lakini kwa wazee wa kule bado ipo, na haina mchezo.

“Idd, mwanangu,” nikamwambia, “kaniletee khanga nyingine, hii nyepesi. Chukua bajaji mpaka nyumbani, usikimbie.”

Akaenda. Nikakaa benchini karibu na Bi Hadija, bega kwa bega, nikamuuliza tena, safari hii kwa Kinyaturu changu kibovu. Akatazama kule alikoelekea Idd.

“Dada, mkwe ameondoka.”

“Atarudi.”

“Nimemtuma mbali.”

Alingoja mpaka mlango wa nje ukafungwa. Kisha akasema, akitazama mikono yake, “Nimekula kiporo cha ugali na maziwa ya mgando. Baada ya swala ya alfajiri.”

“Hukuambiwa usile?”

“Nani aniambie? Binti yangu hakuniandalia kitu jana usiku, nikasema ana mtoto mchanga, amechoka. Nina kibuyu changu cha maziwa kwenye kikapu nilichotoka nacho nyumbani. Nikala jikoni kabla yeye hajaamka.”

Picha ikakamilika kichwani. Idd aliambiwa na Anitha kwamba mama asile. Angemwambiaje mama mkwe, “mama, usile”? Hilo ni tusi. Alichoweza ni kumwambia mkewe asimwandalie, asijue kwamba mama ana kibuyu chake. Mke naye akatii, akalala na mtoto wake. Hakuna aliyedanganya. Kila mtu alikuwa amefanya kwa adabu, na adabu hiyo ilikuwa imemleta mgonjwa mwenye koo jembamba mlangoni kwetu na tumbo limejaa.

“Kwa nini hukuniambia nilipouliza?”

Akanigeukia kama mtu aliyetukanwa. “Niseme nimekula, mkwe amesimama pale? Mtu mzima mimi?” Kisha sauti ikashuka, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea. “Mdogo wangu, usiniondoe. Niingize tu. Wakinirudisha kwake nitaanza tena kula kwa kuvizia kama mwizi. Kuna siku hatoki mpaka mchana, nashinda na njaa. Nimechoka. Afadhali niishie humo ndani.”

“Humo ndani kweli utaishia, ukiingia na maziwa hayo tumboni,” nikasema. Nilikuwa mkali, kwa sababu nilikuwa naogopa. Kambi ilikuwa inafungwa kesho yake mchana. Nikimwondoa kwenye orodha, daktari bingwa anaondoka, na yule mama anarudi kijijini na shingo inayozidi kumbana, mpaka kambi nyingine ije, kama ingekuja, na kama angekuwepo. Nikimwingiza, huenda nisitoke naye.

Nikaenda kwa daktari bingwa. Alikuwa anaosha mikono, anaimba imba. Nilimweleza yote, hata habari ya mkwe, nikitegemea atakasirika. Akafunga maji kwa kiwiko.

“Koo lenyewe lile hata likiwa tupu linanitisha,” akasema. “Akitapika, mimi na wewe hatumfikii. Mwahirishe.”

“Mpaka lini, daktari?”

“Kesho nina wagonjwa mpaka mchana na gari letu linaondoka.” Akafikiri. “Nitaanza mapema, yeye awe wa kwanza. Lakini sista, aje tumbo tupu. Nani atanihakikishia?”

“Mimi,” nikasema, na hapo hapo nikaona mzigo umenikalia mabegani.

Idd alirudi na khanga, amelowa jasho. Nikamchukua nje, chini ya ukuta wa maabara, nikamwambia upasuaji umesogezwa na sababu yake. Nilitafuta maneno ya kupita pembeni, sikuyapata. Nikamwambia wazi kwamba mama anakula, ila anakula mkwe akiwa hayupo, na siku nyingine hali kabisa kwa sababu mkwe yupo.

Alishika ukuta. “Kwa hiyo nimemlaza mama na njaa nyumbani kwangu?”

“Hukujua.”

“Nilidhani ni ugonjwa unamzuia. Nikawa nanunua nyama kila siku, nampa mke wangu, namwambia labda mama atapenda leo.” Alijifuta uso kwa mkono wa shati. “Kuna siku nilikaa nyumbani makusudi, nisifungue duka, nikasema nimwangalie mgonjwa, asije akazidiwa peke yake na mke wangu ana kichanga. Kumbe nilikuwa nimemfungia mlango wa jikoni.”

Nilimhurumia kuliko nilivyomhurumia mama mwenyewe. Aliuliza afanye nini. Nikamwambia mama halali kwake leo, abaki hapa, naye akipenda aje asubuhi, asimame popote, ila asimjibie tena hata neno moja.

Kitanda hakikuwepo. Tukamweka kwenye kiti kikubwa cha chumba cha uangalizi, na kwa kuwa alikuwa halali ila ameketi, kiti kilimfaa kuliko kitanda. Jioni mapema nikamletea ugali wa uwele na mlenda, nikavuta pazia. Alikula bila kuinua kichwa. Alikula mpaka nikaanza kuogopa upande mwingine. Alipomaliza akanawa, akashukuru Mungu, akaniambia, “Sasa sitagusa kitu mpaka uniambie.” Kikapu chake na kile kibuyu nilivifungia kabatini kwetu, ufunguo nikauweka mfukoni. Nilimwamini. Kabati niliamini zaidi.

Kulipokucha nilimuuliza. Alijibu mwenyewe, haraka, “Jana, ugali na mlenda. Ulikuwepo.” Daktari bingwa akaja kumweleza kwa upole kwamba mishipa ya sauti inapita kando kando ya uvimbe ule, na hata mikono ikiwa mizuri kiasi gani, kuna watu huamka sauti imekwenda, wengine kwa muda, wengine moja kwa moja. Nilimtafsiria. Bi Hadija akasema sauti aliyonayo sasa haina faida kubwa hata hivyo. Mimi sikucheka.

Nisiwachoshe na yaliyotokea ndani, mnayajua. Nitasema tu kwamba mpira wa kupumulia ulipita kooni kwa shida, lakini ukapita. Tumboni hakukuwa na kitu. Daktari alifanya kazi taratibu, uvimbe ukatoka mzima, mkubwa kuliko tulivyodhani, na shingo ikabaki nyembamba kama ya msichana.

Alipoamka alifungua macho, akabana mkono wangu nilipomwambia abane, akapumua mwenyewe vizuri. Daktari akainama. “Mama, jina lako nani?” Hakujibu. Nikamuuliza kwa Kinyaturu. Alinitazama, midomo ikasogea, hakuna kilichotoka. Daktari akasema ni mapema, bado ana dawa, tumpe muda. Lakini nilimwona anavyoyakwepa macho yangu, na mgonjwa wa pili alikuwa tayari mezani.

Tukamsukuma mpaka chumba cha uangalizi. Idd alikuwa amesimama kwenye kona ya ukumbi, kofia mkononi. Hakusema kitu, kama nilivyomwagiza. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hayafuti. Tulipompita, Bi Hadija alimwona, akafumba macho.

Mgonjwa wa pili nilimwachia Anitha, nikakaa na Bi Hadija muda mrefu. Nilimuuliza jina, nikamuuliza kijiji, nikamuuliza jina la mjukuu mchanga. Kimya. Alikuwa macho kabisa sasa, anafuata kila mtu kwa macho. Nikaanza kufikiria nitamwambiaje binti yake, na nitamwambiaje Idd, na yule mama atawaitaje kuku wake kule kijijini. Nikafikiria kwamba mimi ndiye niliyemdhamini ili afanyiwe leo. Kisha nikaona anatazama pazia, na chini ya pazia vinaonekana viatu vya Idd, vimesimama nje, havitikisiki.

Pengine hana sauti, nikawaza, na pengine anayo ila mkwe yupo. Niliinuka ili nimwombe Idd aende mbali, nimuulize tena kwa mara ya mwisho. Nilikuwa nimeshashika pazia Bi Hadija aliposema nyuma yangu. Alisema kwa Kiswahili, ili aliye nje ya pazia naye asikie, kwa sauti ya kukwaruza lakini pana, ya mtu ambaye koo lake limefunguliwa:

“Nina njaa.”

Viatu nje ya pazia vikaruka kidogo. “Naam, mama!” Idd akajibu, na sauti yake ikakatika hapo hapo. “Uji au chai?”

Bi Hadija akavuta shuka mpaka kidevuni. Nilidhani amejuta.

“Uji,” akasema Bi Hadija. “Na mwambie Rehema asiutie sukari nyingi.”

Nilimsikia Idd akikimbia ukumbini, jambo ambalo haturuhusu, na sikumkataza. Ilinibidi nirudi kitandani nimweleze dada yangu yule kwamba uji utakuja, lakini hatakunywa hata tone kwanza, koo lipumzike mpaka jioni, nimesema mimi. Alinitazama kwa hasira ya kweli. Sijawahi kumnyima mtu chakula kwa furaha kama ile.